Siku ya Mvua Bandarini Kasenyi

Tuliondoka Bunia baada ya Misa ya kwanza, walimu wawili na wanafunzi wanne, mvua ikinyesha tangu usiku. Jirani mmoja alitusihi tungoje Jumamosi nyingine. Lakini tulikuwa tumewaahidi watoto hawa kuwaonyesha ziwa. Wamezaliwa Bunia, umbali wa kilomita 50 hivi tu, wala hawajapata kuliona. Tuliona ni jambo la aibu kidogo, kwa kuwa kabla ya mwaka 1959 jimbo letu la Kanisa lilikuwa likiitwa kwa jina la Ziwa Albert.

Motokaa ilikwenda polepole katika tope jekundu. Tulipofika Bogoro mazungumzo yalikoma yenyewe. Tarehe 24 Februari 2003 watu wengi waliuawa hapo, na habari zao zilihukumiwa hata katika Mahakama ya Kimataifa huko Uholanzi. Tuliwaombea marehemu, kisha tukaendelea.

Baada ya Bogoro nchi huanguka ghafula. Bunia iko juu sana, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko chini, kwenye meta 620 hivi. Basi barabara hushuka kwa kona nyingi kandokando ya genge. Siku ya jua msafiri huona maji yote yametandazwa chini yake, na ng'ambo milima ya Uganda. Sisi tuliona ukungu mtupu. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, ziwa liko wapi?” Hatukuwa na jibu, ila joto lililokuwa likizidi kila kona.

Kasenyi tulilisikia ziwa kabla ya kuliona. Mawimbi yalikuwa yakipiga mitumbwi mikubwa ya mbao iliyovutwa pwani, na maji yalikuwa ya rangi ya majivu. Juu ya mabati walisimama kongoti, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, wameinamisha shingo kama wazee barazani, wakingoja matumbo ya samaki. Mdiria mweusi na mweupe alining'inia hewani akipiga mabawa mahali pamoja, halafu akajitupa majini kama jiwe. Mnandi walikaa juu ya miti ya nyavu. Viboko hatukuwaona, mafunjoni kulisikika mkoromo mmoja tu, na watoto wakarudi nyuma hatua kadhaa.

Mvua hii, iliyotupendeza kwa ajili ya ndege, ilikuwa hasara kwa akina mama. Dagaa walioanikwa tangu jana walikuwa wamekusanywa haraka chini ya maturubai, na tayari walianza kunuka. Samaki asipopata jua siku mbili hauzwi tena kwa bei ya kulipia karo. Tuliwasaidia kubeba machano. Mama mmoja alitusimulia kwamba mwaka 2018, wakati maelfu ya watu walipokimbilia Uganda kwa mitumbwi, naye alivuka pamoja na watoto wake usiku, mvua kama hii ikinyesha. “Mchana huwa siogopi maji,” alisema, na kuendelea kukunja turubai.

Wanyoro wa ng'ambo huliita ziwa hili Mwitanzige, yaani muua nzige, kwa sababu nzige hushindwa kulivuka. Mwingereza Samuel Baker alilifikia mwaka 1864 akalipa jina la mume wa malkia wake aliyekuwa amekufa. Wakati wa Zaire likaitwa kwa jina la Mobutu. Wavuvi husema “ziwa” tu. Maji yake huingia katika mto Nili na kufika hata Misri, nchi alikokimbizwa Mtoto Yesu. Habari hiyo iliwashangaza wanafunzi kuliko zote.

Tulitaka kupanda mtumbwi mpaka Tchomia. Mzee mwenye chombo alitazama mbali, akasema, “Leo hapana, mwalimu. Miwili haijarudi.” Hapo ndipo tulipotambua kwa nini pwani ilikuwa kimya namna ile. Ziwa hili lina upana wa kilomita 30 na zaidi, na dhoruba yake haibishi hodi. Tulikaa chini ya bati pamoja na jamaa za wavuvi, tukasali Rozari. Waliokuwa wa madhehebu mengine walikaa nasi, wakainama.

Mtumbwi wa kwanza ulifika karibu na saa sita. Wa pili ulikuja baada ya saa nane, injini imezimika, vijana wanne wakipiga kasia, mmoja akiteka maji kwa sufuria. Hakuna aliyeshangilia. Wake zao waliingia majini mpaka kiunoni wakashika kamba, na wanafunzi wetu, hatujui nani aliwaamuru, wakaishika pia.

Ndani mlikuwa na samaki mmoja tu, kapiteni mkubwa, ambaye Watanzania humwita sangara. Tulimnunua kwa bei waliyoitaja, bila kubisha. Njiani mpandoni alilala miguuni mwetu, na mvua ilikuwa ingali inanyesha.