Sol Iliyokuwa Bubu

Kila Jumapili kuna mahali katika ibada ambapo waimbaji wa safu ya mbele hugeuka kunitazama huku wakibana vicheko. Wanasema mpiga kinanda wao hutokwa na sauti bila kujijua: nota moja tu, ya chini, kisha kimya. Zamani nilikuwa nakana. Siku hizi nakubali, maana nota hiyo naijua ilikotoka. Niliiokota Upanga, Dar es Salaam, mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika wa Kilutheri. Kanisani tulikuwa na kinanda cha kukanyaga, lakini mpigaji wake alihamishiwa mkoani kikazi, kinanda kikabaki kimefunikwa shuka miezi kadhaa. Baba akaamua kwamba mpigaji mpya atatoka nyumbani kwake. Akaulizia, akaelekezwa kwa mama mmoja wa Kigoa, mjane, aliyekuwa akifundisha piano sebuleni kwake, ghorofa ya kwanza. Ada ilikuwa shilingi kumi kwa kila Jumamosi. Mama alipoisikia aliacha kupepeta mchele. "Kumi kwa wiki, Baba Eliya? Na sukari tutanunua kwa nyimbo?" Baba hakujibu. Alikwishaamua.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia "Marahaba" huku ameshanishika vidole. Alivikagua kama mnunuzi wa Feri anavyofunua matamvua ya samaki. Akaleta mkasi, nikakata kucha palepale juu ya gazeti. Ndipo nikaruhusiwa kukaa.

Nilidhani ningetoka siku ile na wimbo. Nilitoka na vidole vitano vya mkono wa kulia, ambavyo nilikuwa sijui kumbe kila kimoja kina tabia yake. Cha nne ni mvivu, gumba lina kiherehere. Kwa wiki nyingi hakuniruhusu kuunganisha mikono. "Mkono mmoja mmoja," alisema. "Mafundi wawili hawajengi ukuta kabla kila mmoja hajajua kushika mwiko." Nikikosea, nilikuwa narudia haraka haraka ili nifute aibu. Alikuwa ananishika kiwiko. "Ukilirudia hivyo, unalifanyia mazoezi kosa. Simama. Sikiliza kwanza kichwani. Haya, sasa."

Ugomvi wa kwanza haukuwa wangu naye, ulikuwa wake na Baba, ingawa walikutana mara chache. Sisi wa kwaya tulisoma solfa, ule mtindo wa herufi ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, na ambao wamisionari waliusambaza hadi vijijini kwetu. Katika solfa yetu, do inahama. Wimbo ukipandishwa, do inapanda nao. Mwalimu alijifunza muziki utotoni, Goa, katika shule ya parokia, kwa desturi waliyoachiwa na Wareno, na kwake do ilikuwa nguzo. Haihami hata nyumba ikiungua. Basi nota ileile, iliyo chini kidogo ya katikati ya piano, nyumbani iliweza kuitwa do na Upanga ikaitwa sol. Nilimuuliza Baba nani yuko sahihi. Akasema, "Kwake ita sol. Hapa ita do. Nota yenyewe haitakasirika."

Piano lilikuwa la kusimama, la rangi ya kahawia iliyoiva, limetoka Uingereza kabla sijazaliwa. Ndani yake, chini, kulikuwa na balbu ndogo inayowaka usiku na mchana. Mwanzo nilidhani amesahau kuizima. Ilikuwa dawa ya unyevu. Hewa ya bahari hutia nyuzi kutu, na mvua za masika zikianza mbao hufura, vibonyezo vikakwama chini kama meno ya mtoto yasiyotaka kuota. Umeme ukikatika siku mbili, Mwalimu alikuwa anatembea sebuleni kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini.

Mgonjwa huyo alikuwa na daktari wake. Mara moja kwa mwaka alikuja fundi wa kutyuni kutoka Nairobi, akakaa siku nzima akizungusha vigingi zaidi ya mia mbili, kimoja kimoja, maana sehemu kubwa ya piano kila nota ina nyuzi tatu. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Wakubwa walizungumzia ndege, reli na posta. Mimi nilichokiona ni kwamba fundi hakuja tena. Piano likaanza kupotoka taratibu, nota moja leo, nyingine kesho, kama darasa lililoachwa bila kiranja. Mwalimu alikuwa na ufunguo wa kukazia vigingi, akawa anarekebisha anachoweza. Kisha, Jumamosi moja, nilipiga sol ile, nikasikia mlio wa kijiti kinachovunjika. Nyundo yake ilikatika shingo.

Nilitaka kulia. Mwalimu akafungua paneli ya mbele, akachungulia, akasema tu, "Haikuwa wewe. Ilikuwa miaka arobaini." Vipuri havikupatikana. Seremala wa Keko akachonga nyundo mpya ya mninga, kazi safi ajabu, imepigwa na msasa mpaka inang'aa. Ilipogonga, ilisikika kama mwenye nyumba anayedai kodi. Ikaondolewa. Sol ikawa bubu.

Balaa ni kwamba kipande nilichokuwa najifunza kilikuwa cha ufunguo wa sol. Ni ile minueti inayojulikana na kila anayeanza piano, iliyomo katika daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena, mke wa Bach. Kitabu changu kiliandika kwamba Bach ndiye mtunzi. Baadaye wataalamu waligundua ni kazi ya Christian Petzold, mpiga ogani wa Dresden. Mkono wa kushoto huanza na nota tatu kwa pamoja: sol, si, re. Kwangu zilikuwa zinatoka mbili. Ilikuwa kama kukalia kigoda chenye miguu miwili.

Nikaomba tubadilishe kipande. Mwalimu akakataa. Akaacha paneli wazi, akaniambia nikibonyeze kile kibonyezo bubu na nisikiachie. "Sasa imba sol. Ndani humu, kwenye nyuzi. Kisha nyamaza."

Niliinama, nikaimba kwa haya, nikanyamaza. Ndani ya piano, mahali ambapo hakuna nyundo iliyogusa kitu, sol ilikuwa inaniitikia. Nyembamba, ya mbali, lakini ndiyo yenyewe. Nikaruka nyuma. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mwalimu akicheka mpaka bega likatikisika. Akanionyesha. Kila nota ina kijigodoro cha sufu kinachobana nyuzi zake zinyamaze. Ukibonyeza, kijigodoro kinaondoka, hata kama nyundo haipo, na nyuzi zinabaki huru. Ukiziimbia sauti yao, zinatikisika. Ukiziimbia sauti ya jirani, hazijali. Nikajaribu kidogo juu. Kimya. Nikarudi kwenye sol. Ikaitika.

Tangu siku ile nilipiga minueti nzima nikiimba nota ile kila ilipofika zamu yake, na nilijua kama nimeipata au nimeikosa kwa sababu piano lenyewe lilikuwa linanisahihisha. Miaka mitatu ya kwaya ilikuwa imenifundisha kuimba na wenzangu. Mtihani ule ulinifundisha kuisikia nota kabla haijalia.

Mwaka 1979 Mwalimu aliondoka kumfuata mwanawe Kanada. Majirani zake wengi walishatangulia, tangu nyumba za kupangisha zilipotaifishwa mwaka 1971. Piano aliliuza. Niliwakuta vijana sita wakiliteremsha ngazi kwa kamba na magunia. Kila walipoligonga kwenye pembe ya ukuta, nyuzi zote zilinguruma pamoja. Yeye alisimama juu, mikono imeshika ukingo wa ngazi, vidole vimejikunja kama anapiga. Sikuweza kusema lolote la maana. Nilisema, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa tulikwishaamkiana asubuhi. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mkono mmoja mmoja."

Baba alipata mpiga kinanda wake. Alikuwa akisimama mbele ya kwaya akiita do, nami kichwani nasikia sol, na wimbo ulikwenda bila kugombana. Ameshatangulia sasa.

Kinanda chetu cha sasa ni cha umeme. Hakina uzi, hakina balbu ndani, masika hayakisumbui. Sol yake haijapotoka hata siku moja. Ila ukiiimbia, haiitiki. Mimi huiimbia tu, na safu ya mbele hugeuka.