Moto wa Mama Mkwe

Nyumba yetu hapa Iowa, katika nchi ya Marekani, haikujengwa pale ilipo. Ilitengenezwa kiwandani, ikakokotwa juu ya magurudumu, na hata leo imelala juu ya fremu yake ya chuma. Baridi ilipoingia, mama mkwe, aliyezoea kuota moto kule Kivu, alituomba meko ya ukutani. Nani angemnyima mkwewe?

Tukamwuliza fundi. Alitueleza kwamba tangu 1976 nyumba za namna hii zina sheria moja ya nchi nzima. Meko ya mawe ni mazito mno kwa sakafu yake. Hayana budi kutoka kiwandani, yawe yameidhinishwa kwa nyumba hizi, yenye mlango na dohani yake, nayo yavute hewa ya nje. Kwani nyumba imezibwa sana: moto ukila hewa ya chumbani, moshi hurudi, pamoja na ile sumu isiyo rangi wala harufu, iwauayo watu usingizini. Tulikumbuka makaa tuliyokuwa tukiyaingiza ndani kule nyumbani, tukanyamaza.

Gharama ilizidi mshahara wetu wa miezi miwili. Basi, tumeacha. Kiti cha mama tumekisogeza karibu na tundu la sakafuni litoalo hewa ya moto. Amekaa, lakini asema moto usioonekana si moto.