Hesabu Iliyozidi Mali

Mwezi wa Shaabani uliopita mpwa wangu alinitengenezea programu ya kugawa mirathi. Yeye ni kijana wa chuo kikuu, nami ni mtu wa madrasa niliyezoea kugawa kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha. Tuliijaribu kwa masuala kumi niliyokwisha kuyagawa kwa mkono miaka ya nyuma, na yote kumi yakaafikiana. Nikafurahi, nikaitia katika simu yangu.

La kumi na moja halikuwa jaribio. Bibi mmoja wa mtaani alifariki, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Hakuwa na mtoto, wala mzazi, wala ndugu wa kiume. Baada ya mazishi na madeni zilibaki shilingi 420,000. Mgane akiwa ameketi mbele yangu, nikamsomea fungu lake: 210,000. Akashukuru, akaenda zake. Usiku ndipo nilipoyatazama mafungu ya wale dada: 140,000 kila mmoja. Jumla yake yote 490,000. Nilikuwa nimegawa shilingi 70,000 ambazo marehemu hakuziacha.

Nusu ya mume na theluthi mbili za dada huzidi mali nzima, na kila aliyesoma mirathi anajua kwamba hapo mafungu hupunguzwa kwa uwiano: mali hugawanywa sehemu saba, mume tatu, dada nne. Nilijua. Niliiamini simu tu.

Mpwa wangu hakujitetea. "Mjomba," alisema, "hakuna suala hata moja kati ya yale kumi lililopita njia hii." Kisha akanitajia mtu niliyekuwa sijapata kumsikia, Tony Hoare, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake.

Mwingereza huyu alizaliwa Colombo mwaka 1934, na kilichonivuta kwake ni kwamba hakuingia katika kompyuta kwa mlango wa mitambo. Alisoma Kilatini, Kigiriki na falsafa huko Oxford. Yaani ni mtu wa nahau na mantiki, kama sisi. Jeshi la wanamaji likamfunza Kirusi, akaenda kusoma Moscow. Huko, akishughulika na tafsiri ya lugha kwa mashine, alihitaji kuyapanga maneno ya sentensi kwa alfabeti kabla ya kuyatafuta katika kamusi. Akabuni njia: shika neno moja, yaliyotangulia yaende upande huu, yanayofuata upande ule, kisha kila upande ufanyiwe vivyo hivyo mpaka mwisho. Njia hiyo ingali inatumika leo.

Aliporudi Uingereza akaajiriwa na kampuni ya Elliott Brothers. Kazi ya kwanza ilifana. Iliyofuata, kubwa zaidi, ilivunjika ikatupwa baada ya jasho la miaka, naye ndiye aliyekuwa msimamizi. Mwaka 1980 alipopewa Tuzo ya Turing, alisimama mbele ya wenzake akaieleza aibu ile mwenyewe.

Mwaka 1969, akiwa profesa Belfast, alitoa makala fupi. Alisema programu ithibitishwe kama tunavyothibitisha hoja: andika lililo kweli kabla ya amri, andika litakalokuwa kweli baada yake, kisha onyesha kwa kanuni kwamba la pili linatokana na la kwanza. Majaribio kumi hutoa habari za mambo kumi. Uthibitisho huyaenea yote. Lau mpwa wangu angeandika mwanzoni kwamba baada ya kugawa, jumla ya mafungu haizidi mali, angeshindwa kulithibitisha hilo, na kushindwa kwake kungemwonyesha ufa.

Jambo hili si geni sana kwetu. Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo asili ya neno algorithi, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr kwa wasia na mirathi.

Lakini kuliko tuzo zake, mimi napenda namna Hoare anavyokiri. Mwaka 2009 alisema kwamba rejeo tupu alilolitia katika lugha ya programu mwaka 1965, kwa kuwa lilikuwa jepesi kulitia, ni kosa lake la dola bilioni moja. Na mwaka 1996 aliandika makala akijiuliza programu zimekuwaje za kutegemewa kiasi kile bila ya uthibitisho aliouhubiri, akawapa haki yao wakaguzi na wajaribuji. Ni wanavyuoni wangapi huandika hivyo dhidi ya madhehebu yao wenyewe?

Siku ya pili baada ya Alasiri nilikwenda kwa mgane. Nilimkuta na fundi wa paa, wameshapatana bei. Nikamwambia fungu lake ni 180,000, na kwamba kosa ni langu. Akanyamaza kitambo.

"Sasa sheikh, zile elfu thelathini zilikuwa za nani?"

"Hazikuwapo," nikamjibu.

Fundi akaanza kukunja kamba yake ya kupimia.