Kukataa kwa Mtani, Kukataa kwa Mwingereza

Hapa Uingereza mtu asiyependa kitu hasemi kwamba hakipendi. Atakwambia si kikombe chake cha chai, atatabasamu, na mambo yataishia hapo. Nilipomkaribisha mfanyakazi mwenzangu matobolwa niliyoletewa kutoka Tabora, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, alitafuna kipande kimoja kwa adabu, akasema maneno hayo hayo. Hakuna aliyeudhika.

Nyumbani ingekuwa kelele. Mtani wetu Mzaramo aliyefika kwetu aliyageuzageuza matobolwa kiganjani, akauliza: "Haya mnakula au mnaezekea nyumba?" Baba mdogo hakuchelewa: "Kula, mtani. Kwenu mnakuna nazi mchana kutwa, usiku njaa inawakuna nyinyi." Mgeni akacheka, akamaliza sahani.

Utani huo wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Uzaramo na Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, mtu na frasila zake mbili hivi, safari ya miezi. Aliyeugua njiani alihitaji mwenyeji, aliyekufa alihitaji wa kumzika. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa na vita, basi waliokutana hawakuwa na sababu ya kupendana. Utani uliwaruhusu kutoleana maneno bila kushikana mashati, ukawafunga pia kwa wajibu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, misafara ikafa, utani ukabaki. Mtani bado huja msibani, akamwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke, kisha akashika kazi za mazishi.

Mwingereza akikataa chakula changu, hanidai wala simdai. Ni raha, sikatai. Nami nimekwepa mialiko mingi kwa sentensi yake hiyo. Ila unaweza kukaa naye ofisi moja miaka na miaka usijue anachokichukia kwako. Cha mtani nilikijua siku ya kwanza. Lakini anayejipa ruhusa ya kuchamba watu huku msibani haonekani, huyo si mtani, ni mtukanaji.

Wanangu waliozaliwa huku nawaachia adabu ya Kiingereza shuleni. Wakienda Tabora, wakachekwa kwa Kiswahili chao, nawaambia wasinune. Wajibu mapigo, kisha waulize ni nani kati ya hao wanaowacheka atakayekuja siku tukifiwa.