Goma: Aliyeogopa maji alienda kutazama pomboo, akarudi na jile mbili

Kwa zaidi ya miezi miwili, mama mmoja mchuruzi wa vitenge katika soko la Virunga, hapa Goma, hakuweka mguu ndani ya mtumbwi. Zamani alivuka ziwa karibu kila juma, mara Minova, mara Idjwi, akiwa amekalia mizigo yake. Ghafla akaanza kutuma watu. Aliwalipa wavuke na vitenge vyake, yeye akabaki mjini akingoja simu ya kumwambia kwamba wamefika.

Sababu yake wakaaji wa mji huu hawahitaji kuelezwa sana. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku. Ilikuwa imebaki kidogo tu ifike, na watu waliokuwa ufukoni waliona yote kwa macho yao. Makumi ya watu walikufa. Ndani ya mashua ile alikuwamo mdogo wake, binti wa baba yake mdogo, aliyekuwa akileta maharagwe. Mbele ya vita mizigo kama ile ilipita barabarani kwa gari, kupitia Sake. Barabara ilipofungwa, watu na magunia vyote vikahamia ziwani, ndani ya vyombo vilevile ambavyo hata mbele ya hapo vilikuwa vinajaa.

Mwisho wa mwaka ulipofika, mama huyo alifunga safari ya Dar es Salaam kununua vitenge Kariakoo, kama ilivyo desturi yake. Safari hii alimchukua kijana wake wa miaka 11, maana masomo yalikuwa yamesimama kwa sababu ya Noeli. Dada yake mkubwa ameolewa Unguja, na kwa miaka mingi amekuwa akimwita. "Njooni mpumzike siku nne," alimwambia kwa simu. "Wewe kila mwaka unafika mpaka Kariakoo, halafu unageuka. Mtoto aione bahari."

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja meli inachukua karibu saa mbili. Mama alikaa ndani kabisa, katikati, macho yamefungwa, mkoba umebanwa kifuani. Kijana alisimama dirishani njia nzima. Walipofika, kitu cha kwanza alichouliza ni hiki: "Mama, ng'ambo iko wapi?" Kwenye ziwa Kivu, mtu akisimama Goma anaona milima mbele yake, anaona Rwanda, na siku ya anga safi anaona Idjwi. Hapa aliangalia maji, akaona maji tu.

Usiku wa pili, shemeji alitoa habari aliyokuwa ameificha: kesho yake wote wataamka mapema kwenda Kizimkazi, kusini ya kisiwa, kutazama pomboo. Ni safari ya nusu siku tu, saa sita mchana watakuwa wanakula. Pesa alikwisha kulipa.

"Shemeji, Mungu akubariki," mama alisema. "Nendeni. Mimi nitabaki nipike."

Kijana hakubisha wala hakulia. Alisema tu, "Basi na mimi nabaki." Mama alimwangalia vizuri, na ndipo alipoona kwamba woga ule haukuwa wake peke yake tena. Ulikuwa umehamia kwa mtoto. Usiku ule hakulala sana, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa.

Kizimkazi ni kijiji cha wavuvi, na ni cha zamani sana. Upande wa Dimbani kuna msikiti wenye maandishi yaliyochongwa ukutani tangu mwaka 1107. Rais Samia Suluhu Hassan alizaliwa Kizimkazi. Lakini wageni wengi hupita haraka mbele ya hayo yote, kwa sababu wanafuata pomboo. Watu hao wa Unguja walianza kupokea watalii wa pomboo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1997 ghuba yao ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi.

Maji yalikuwa yametoka, kwa hiyo walitembea juu ya mchanga mweupe, miguu imeloa mpaka magotini, hadi kwenye boti. Ilikuwa boti ya mbao yenye turubai juu na mashine moja nyuma. Mama alisimama pembeni akiipima kwa macho. Ilikuwa ndogo kuliko mitumbwi ya Minova.

Nahodha alikuwa mzee mwenye kofia, asiyesema sana. Alitoa maboya ya rangi ya machungwa, yale tunayoita jile, akampa kila mtu la kwake. Hakuyarundika pembeni ili anayetaka achukue. Alimfunga kijana kamba yeye mwenyewe, akavuta, akaona limelegea, akampa dogo zaidi. Vijana wawili wa kutoka Ulaya waliokuwa ndani ya safari ile walitaka kuyakalia kama mito. Nahodha alikaa juu ya ukingo wa boti, akatazama bahari, hakuwasha mashine. Walipovaa, akasimama.

Kisha akahesabu kwa kidole, kwa sauti. Mama, kijana, dada, shemeji, vijana wawili wa Ulaya, wanafunzi wawili wa Dar es Salaam, msaidizi, yeye mwenyewe. "Kumi," alisema. "Tunatoka kumi, tutarudi kumi. Bismillahi."

Mama anasema kwamba hapo ndipo pumzi ilipomrudia kidogo. Miaka yote ya kuvuka ziwa, hakukumbuka hata mara moja kusikia mtu akisema idadi yao kwa sauti.

Huko nje mawimbi yalikuwa marefu, si kama yale mafupi ya Kivu yanayopiga mtumbwi kama makofi. Boti ilipanda polepole, ikashuka polepole. Dada alimpa kipande cha ndimu anuse kwa ajili ya kichefuchefu. Kijana alitia kidole majini, akalamba, akakunja uso, akarudia tena kuhakikisha.

Baada ya nusu saa hivi waliona boti nyingine mbele, saba au nane, zimekusanyika mahali pamoja, mashine zikinguruma. Katikati yao migongo ya rangi ya kijivu ilijitokeza, ikazama. Boti zote ziligeuka na kuikimbilia. Watu waliruka majini na miwani yao ya kuzamia, pomboo wakapotea, watu wakapanda tena, boti zikakimbia tena. Ilifanana na wachukuzi wanaokimbilia basi lililoingia kituoni.

Nahodha alizima mashine mbali nao, akatulia.

Vijana wa Ulaya walinung'unika. Mwanafunzi mmoja akawatafsiria: wamelipa kuona pomboo, na pomboo wako pale, sasa wanangoja nini? Mzee alijibu bila kugeuka: "Waambie watulie. Asubuhi pomboo huingia huku kwetu kupumzika. Ukimfukuza hapumziki, hali, na mwenye mtoto hanyonyeshi. Yule ni mnyama mwenye maziwa kama sisi, anapanda juu kuvuta pumzi. Wewe ukiwa umelala, mtu akupigie kelele kila dakika, utabaki nyumba hiyo?"

Shemeji alimuuliza kama haogopi kupoteza wateja. Mzee akacheka. Alisema baba yake alikuwa akiwavua pomboo, nyama yao ikiwa chambo cha papa. Baadaye kijiji kiligundua kwamba pomboo aliye hai analisha nyumba nyingi kuliko aliyekufa. "Sasa tunataka kuwaua tena, kwa mashine," alisema. "Wakihama hapa, tutawaonyesha wageni nini?"

Walikaa hivyo muda mrefu, boti ikiyumbayumba, jua likipanda. Mama alimuuliza nahodha, kwa heshima, kama yeye haogopi maji. Ndipo mzee alipozungumza juu ya mwaka 2011, meli iliyojaa kupita kiasi ilipozama usiku ikienda Pemba, na mwaka uliofuata meli nyingine iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Mamia kwa mamia walikufa. "Hapa Unguja hakuna mtaa uliosalimika," alisema. "Naogopa, mama. Nahodha asiyeogopa usipande chombo chake."

Mama akamwambia habari za Kituku. Hakuwa ameisimulia kwa mtu yeyote tangu siku ya mazishi, hata kwa dada yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Poleni sana," kisha akauliza jambo moja tu: "Walikuwa wangapi ndani?"

Mama hakuweza kujibu. Kila mtu Goma alisikia hesabu yake, na hesabu hizo hazikufanana.

Msaidizi ndiye aliyeinua mkono kuonyesha. Upande wa kushoto, karibu sana, sauti ya pumzi ilisikika, kama mtu anayepuliza moto. Pomboo watano au sita walikuwa wakija wenyewe, bila haraka, wakipita sambamba na boti. Mmoja alikuwa na mtoto ubavuni, mdogo, aliyepanda kila mama yake alipopanda na kuzama kila alipozama. Hakuna aliyeruka majini. Hata wale vijana wawili walinyamaza, simu zao mkononi hazijawashwa. Kijana wa Goma alishika mkono wa mama yake na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, wanatuangalia na sisi."

Haikuchukua dakika kumi. Pomboo walielekea nje, maji makubwa, na nahodha hakuwafuata. Ufukoni alihesabu tena kwa kidole. Kumi. Wakala wali na samaki, wakarudi mjini.

Dar es Salaam, siku moja mbele ya kuanza safari ya kurudi, mama aliingia duka la vifaa vya uvuvi karibu na soko la samaki la Feri, akanunua jile mbili, kubwa na ndogo. Alizifunga katikati ya robota la vitenge.

Siku ya posho ya kwanza ya mwaka uliofuata, alishuka na kijana wake kwenye bandari moja ndogo ya mji, mzigo wa vitenge ukiwa kichwani mwa mchukuzi, kwenda Idjwi. Alilipa nauli, akapanda, akavaa jile yake, akamvika mtoto. Watu walicheka. Mmoja akasema mama ameleta Zanzibar yake.

"Kapiteni, tuko wangapi?" aliuliza.

"Mama, kaa tu, tunachelewa."

Akahesabu mwenyewe. Alifika 27, na watu walikuwa bado wanaingia. Jile za mtumbwi zilikuwapo, zimefungwa pamoja kwa kamba chini ya magunia. Aliomba zifunguliwe. Kapiteni akasema zitagawanywa kama kukiwa na upepo. Mama alisimama, akamwambia mchukuzi ashushe vitenge. Wanawake wawili walishuka nyuma yake, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Kapiteni alipoona watu wanashuka alikata kamba na kuanza kugawa. Jile zilikuwa 12. Mama hakupanda tena. Nauli hakurudishiwa, na soko la siku ile lilimpita.

Mtumbwi ule ulifika Idjwi salama. Jioni habari zilikuwa zimefika sokoni, na wenzake walimcheka tena, kwa upendo lakini walimcheka. Nyumbani kijana alikuwa na swali. "Mama, kama wamefika salama, basi sisi tulikosea?"

"Mashua ya mdogo wangu," alimjibu, "ilifika salama siku ngapi mbele ya siku ile?"

Katika kazi ya maji, watu wa Goma huzungumza sana juu ya serikali, na ni haki yao. Ukaguzi wa vyombo na ulinzi wa barabara si kazi ya mchuruzi wa vitenge. Lakini mzee wa Kizimkazi hakusubiri mkaguzi asimame ufukoni ili ahesabu watu kumi kwa kidole. Na abiria watatu walioshuka siku ya posho walifungua kamba ambayo maneno hayakuweza kuifungua.

Siku tatu baadaye mama alipata chombo kingine, kidogo zaidi, ambacho mwenyewe alikubali kugawa jile mbele ya kuondoka. Walikuwa 16. Nauli yake ilikuwa juu kidogo. Woga haujamwisha: alishika ubao kwa mikono miwili mpaka Idjwi, na alipofika alihesabu tena, watu wakishuka mmoja mmoja. Vitenge aliuza nusu. Nusu nyingine alirudi nayo.