Kumwinda Mbweha

Msomaji wangu, ukitaka kuwa mwindaji wa mbweha nitakufundisha, lakini yafaa kwanza usikie jinsi nilivyoshindwa mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka 14, nikichunga mbuzi wa babu yangu huku kwetu Kware, Kajiado. Juma moja mbweha alitunyang'anya wanambuzi wawili. Wa pili alikuwa wangu. Babu alikuwa amenipa ili nimkuze, nimwuze, nipate karo. Hasira ilinijaa. Nilichukua dawa ya kuulia wadudu wa mboga, nikaipaka katika pande la nyama, nikalitupa kichakani.

Alfajiri nilikwenda mbio kutazama mawindo yangu. Nilimkuta mbwa wetu amelala ubavu, povu kinywani. Kando yake alikuwapo tai aliyekufa, mabawa yametandazwa. Mbweha hakuwapo.

Babu hakunipiga. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umemwinda usiyemjua, ukamwua uliyemjua."

Alinieleza pia jambo nisilolijua, kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kisha akanifunza uwindaji mwingine, nao ni wa macho na masikio.

Kwanza, soma ardhi. Wayo wa mbweha ni kama wa mbwa mdogo, na alama za kucha huonekana. Pili, shika saa zake: hupenda kutembea magharibi na alfajiri. Tatu, jua chakula chake. Hula panya, wadudu, matunda na mizoga. Mwanambuzi ni bahati tu anayoipata kwa uzembe wa mchungaji. Nne, jua jamaa yake. Mume na mke hukaa pamoja miaka mingi, na pengine watoto wa mwaka uliopita husaidia kuwalisha wadogo zao. Hulinda eneo lao, na wakiuawa, wengine huja kulirithi. Huko Marekani mnyama wa ukoo wake, aitwaye coyote, amewindwa kwa bunduki, mitego na sumu kwa zaidi ya miaka 100. Hata hivyo ameenea mpaka katika mji mkubwa wa Chicago.

Tulifuata nyayo, babu na mimi, zikatuleta nyumbani kwetu wenyewe. Chini ya ua wa miiba palikuwa na tundu lisilozidi upana wa sahani, na manyoya yamenasa mwibani. Hatua chache kutoka hapo nilikuwa nimetupa kondo la nyuma la mbuzi aliyezaa. Kumbe mimi ndiye niliyemwalika mgeni!

Tuliziba tundu kwa mawe. Tangu hapo tulifukia kila kondo na mzoga shimoni, na wanambuzi wachanga tukawalaza ndani ya kibanda.

Siku ya tatu, jua likichwa, nilijibanza nyuma ya ua. Mbweha alikuja, mgongo wake mweusi wenye mvi. Alinusa mawe, akayakwaruza, akainua kichwa kana kwamba ananitafuta. Kisha aligeuka, akaingia majanini, akaruka juu na kushuka na panya kinywani.

Msimu ule hatukupoteza mwanambuzi mwingine. Lakini mbwa wetu hakurudi, na hata leo, ninaposimama mbele ya wanafunzi wangu, sijasahau povu lile. Basi, msomaji, kabla hujashika silaha, zunguka kwanza ua wako mwenyewe.