Kuamia Ndege Mpungani: Kutoka Dungu hadi Kipaza Sauti

Kuamia ndege ni kazi ya kushinda shambani na kuwafukuza ndege wasile nafaka kabla ya mavuno. Katika mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kilombero nchini Tanzania, na ya Mwea na Ahero nchini Kenya, adui mkubwa ni kwelea kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu na uzito wa gramu 20 hivi. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 kati ya alfajiri na magharibi. Wakulima waliozeekea kazi hii wanakumbuka jinsi mbinu zilivyobadilika, na baadhi ya mbinu hizo huwachekesha hadi leo.

Kwanza lilikuwapo dungu, jukwaa la miti lililoezekwa nyasi na kusimamishwa katikati ya shamba. Kutoka hapo kamba zilitandazwa kila upande, zikafungwa kwenye vijiti vilivyoning'inizwa makopo yenye kokoto. Aliyekaa juu alivuta kamba moja, na makopo ya pembe ya mbali yakagongana kana kwamba yupo mtu pale. Ndege waliokaidi walifuatwa na bonge la udongo kutoka kwenye kombeo. Watoto nao walipiga madebe, wakaimba, wakawatolea ndege matusi ambayo wangeyatamka nyumbani wangechapwa. Dungu la jirani liliitikia, na kundi likasukumwa kutoka shamba hadi shamba. Kelele zilizidi asubuhi na alasiri, saa ambazo ndege hula zaidi. Adhuhuri walipumzika mitini, na waamiaji nao wakapata kupumua.

Sanamu lilikuwa msaidizi asiyelipwa. Lilivikwa koti kuukuu na kofia, likashikishwa fimbo mfano wa bunduki. Heshima yake ilidumu siku chache tu, kisha ndege walitua juu ya kofia na kujichokoa manyoya hapo hapo. Wakulima wakajifunza kulihamisha kila baada ya siku mbili tatu na kulibadilisha mavazi: leo koti, kesho gauni, keshokutwa kanzu.

Redio kaseti zilipoenea, kanda zilizoharibika zilipata kazi mpya. Utepe wake ulivutwa kati ya miti miwili na kusokotwa kidogo. Upepo ulipopita, utepe ulivuma, na jua lilipoupiga ulimetameta. Kanda za dansi, taarabu na mahubiri zikamalizikia mpungani bila ubaguzi. Baadaye zilifuata CD zilizokwaruzika, zikining'inia na kuzunguka kama vioo. Siku hizi wapo wanaotumia vipaza sauti vya betri, vile vile vya wachuuzi wa mitaani. Sauti ya mwenye shamba hurekodiwa mara moja, kisha hufoka kutwa nzima huku mwenyewe akipalilia kwingine.

Mbinu hizi zote zina kikomo kimoja: ndege huzoea. Kelele isiyofuatwa na madhara hupuuzwa, na kitu kisichohama huonekana kama mti. Makundi yanapokuwa makubwa mno, serikali hunyunyizia sumu ya fenthion mahali ndege wanapolala, mara nyingi kwa kutumia ndege za kilimo. Sumu hiyo huokoa mavuno, lakini huua pia mwewe na bundi wanaokula mizoga, na ni hatari kwa watu wanaookota kwelea waliokufa ili wapate kitoweo. Wilayani Kondoa, Tanzania, wanakijiji huwanasa kwelea kwa nyavu na kuwala, njia inayopunguza ndege bila sumu na kuleta chakula mezani.

Mbinu nafuu zaidi kwa mkulima mdogo ni kuchanganya vifaa hivi na kuvihamisha kila siku chache, hasa tangu mpunga unapotia maziwa hadi unapokauka. Mashamba jirani yapandwe kwa wakati mmoja, ili shamba linalotangulia kukomaa au kuchelewa lisibebe kundi zima peke yake. Na kwa kuwa kuamia bado huwatoa watoto wengi darasani msimu wa mavuno unapokaribia, wakulima wapangiane zamu za watu wazima. Mpunga wa msimu mmoja ukiliwa, utapandwa tena. Mwaka wa shule ukipotea, mtoto harudishiwi.